V8 Yangu Ina Milango Miwili

Naanza na aibu yenyewe ili tusizungushane. Ndiyo, mshenga wangu alinasa ndani ya gari mbele ya nyumba ya wakwe, na ndiyo, posa yangu ilisemwa kupitia kidirisha, na ndiyo, mimi niliyekuwa naposa nilikuwa nimelala chini ya gari hilohilo na kanzu nyeupe, inaonekana miguu tu. Video mmeiona, msijifanye hamjaiona, ilifika Cedar Hill kabla yangu. Lakini kuna jambo linapita kwenye makundi ya simu kwamba baada ya siku ile niliona haya nikaliuza gari, na hilo nalikataa mbele yenu wote. Sikuliuza. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa.

Mimi Suleiman ni mtu wa Unguja kwa kuzaliwa na, wakati ule, wa Cedar Hill, pembeni mwa Dallas, kwa kuishi, na kazi yangu ni kusambaza vifaa vya hospitali kwa gari jeupe la sanduku lisilo na ladha yoyote, ukilikanyaga linakohoa, ukiliachia linakohoa. Ndiyo maana tangu nifike Texas nilitamani gari moja la raha, yale ambayo Wamarekani wenyewe wanayaita magari ya misuli: milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda nane, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Akiba yangu iliniruhusu njia mbili tu. Ama ninunue la kizamani lililonizidi umri, lenye kabureta na vioo vya kuzungusha kwa mkono, ama la kisasa lililotumika miaka minane au tisa hivi, lenye kompyuta, kiyoyozi, na viti vinavyosogea kwa kubonyeza kitufe.

Rafiki yangu Kamau, nesi, mtu wa Nakuru, alishachukua la kisasa mwaka mmoja nyuma na alikuja nami yadi ya magari kunitetea nisipotee.

"Buda, hii mambo ni simple," akaniambia. "Kwa pesa ileile, hii mpya ina nguvu karibu mara mbili, inakunywa mafuta kidogo, na uki-brake inasimama. Hiyo mzee uki-brake unaanza kuomba."

"Na yako ikizima njiani utaita fundi au utaita mtu wa kompyuta?"

"Nita-call insurance. Wewe uta-call museum."

Nakubali, na nasema hadharani ili asije akasema namwogopa: gari lake lina kasi kuliko langu, kwenye mataa akiondoka mimi nabaki nasoma namba zake za nyuma. Lakini langu nikifungua boneti naona kila kitu kwa macho, nikisikia mlio nafahamu ni wa wapi, na spana tano na bisibisi zinanitosha. Nguvu ambayo huwezi kuigusa kwa mkono wako si nguvu yako, umeazimwa. Nililipa siku ileile, rangi ya chungwa na mlango mmoja wa bluu (mlango ulitoka kwenye gari jingine, rahisi haikosi sababu), na kiti cha dereva mwenye gari wa kwanza alishakitoa akaweka cha mashindano, kimekazwa kwa bolti, hakikunjiki. Kiti hicho kikumbukeni.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia, maana halikuingia kwenye gari, liliingia kwenye neno.

Nilikuwa nampenda Salma wa Pearland, upande wa Houston, mwendo wa saa nne kwa gari, mwaka wa pili sasa, na baba yake, Mzee Haroub, alikuwa amekubali wazee wangu waende kuposa Jumamosi baada ya Adhuhuri. Mzee wangu huku ni Ami Nassor, binamu yake marehemu baba, mtu mzito wa mwili na wa maneno, na mkewe Bi Mwanaidi. Nikampigia simu.

"Ami, usijitaabishe na usafiri. Mimi nina V8 sasa."

"Una nini?"

"V8."

"Mashaallah. Mwanaidi, hebu njoo umsikie mtoto."

Na nyie mnajua. Kwetu V8 si injini. V8 ni lile gari jeupe refu la waziri, lenye vioo vyeusi, likipita trafiki anapiga saluti na mbuzi wanahama barabarani. Wako hata wanaoamini nane ile ni idadi ya abiria. Mimi nilisema silinda, Ami akasikia waziri, na palepale nilijua amesikia nini. Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu, haukuwa umesafiri, ningeweza kusema Ami, si lile, ni gari dogo la milango miwili. Sikusema. Miaka yote ile Ami alikuwa akinitambulisha kwa watu kama "huyu kijana wetu, anabeba maboksi", na siku ile kwa mara ya kwanza nilimsikia akinitaja kwa mkewe na sauti imenyooka, nikaona tamu. Nikaiacha ikae.

Kufikia Alhamisi V8 ilikuwa imefika Pearland bila mimi. Salma akanipigia.

"Baba amewaambia majirani wasi-park mbele ya nyumba. Sule, umewaambia nini watu?"

Yeye gari alilijua, picha nilimtumia siku ya kwanza na alilipenda, alisema lina sura ya mtu mkorofi mwenye moyo mzuri.

"Nimewaambia nina V8. Sijasema uongo."

"That's not the point. Mwambie leo. Baba anaweza kumwoza mtu asiye na kitu, lakini mtu anayemzunguka hamsamehi. Na uncle wangu mwenyewe hawasemezani mwaka wa sita, for less than that."

Nikamwambia baba yake atalijua akiliona. Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka, na kila nikiyakumbuka natamani kuwe na mtu wa kunizaba kibao.

Jumamosi asubuhi nikasimama mlangoni kwa Ami. Mpango ulikuwa mzuri: Kamau anafuata nyuma na gari lake amebeba masinia ya halua na tende, mimi nawashusha wazee mlangoni Pearland halafu naondoka haraka kwenda Stafford, mji wa jirani, kwa rafiki kungoja, kwa sababu kwetu muoaji haendi kwenye posa yake, akionekana huko ni kama nyama kwenda buchani kujiuliza bei. Ami akatoka na kanzu ya pasi, joho begani, kofia ya viua, akasimama.

"Hii nini?"

"Ndiyo V8, Ami."

Akalizunguka mara moja, akalizunguka mara ya pili. "Milango mingine iko wapi?"

"Ni hiyo tu."

Bi Mwanaidi akacheka hadi akakaa kizingitini. Ami hakucheka. Alikuwa ameshawaambia watu wa msikitini, ameshamwambia Mzee Haroub kwa mdomo wake, na mtu kama Ami neno likishatoka huwa halirudi ndani, hulisindikiza mbele kwa mbele. Nikamfungulia kiti cha mbele, kipana, cha raha. Akakikataa.

"Kwenye V8 mkubwa hakai mbele na dereva," akasema. "Mkubwa hukaa nyuma."

Nikamweleza kwamba kiti cha nyuma cha gari lile kimetengenezwa kwa ajili ya watoto wawili ama mfuko mmoja wa sokoni. Akakunja joho lake, akainama, na baada ya dakika nyingi ambazo sitazieleza, akaingia. Magoti yakamfika kidevuni. Kiti cha mbele akakichukua Bi Mwanaidi. "Twende," akasema, kwa sauti ya waziri kabisa.

Barabara ya Houston mnaijua, na Julai mnaijua. Kiyoyozi hakuna. Vioo tumeshusha, upepo unaoingia ni wa moto kama mtu amefungua tanuri la mkate, petroli inanukia, na mlio wa injini unawafanya watu waongee kwa ishara. Kamau alitupita, akapunguza, akatupita tena, vioo juu, anakunywa kahawa taratibu, mshenzi yule. Tuliposimama kujaza mafuta katikati ya njia Bi Mwanaidi akateremka, akaenda moja kwa moja kwenye gari la Kamau, akafunga mlango.

"Mwambie ami yako mimi nimehama chama," akanitumia salamu kupitia kioo.

Ami naye nikamshusha akanyooshe miguu, na nilipovuta kile kishikio cha kulaza kiti cha mbele ili apite, nikasikia kitu kinasema ka. Kidogo tu, kama karanga. Nikamsihi basi sasa akae mbele, pako wazi. Akasema mshenga haingii mjini amekaa kama utingo. Akarudi nyuma.

Tukaingia Pearland Adhuhuri imeshaswaliwa. Mtaa wa Mzee Haroub ni ule wa nyasi zilizokatwa sawasawa na ukimya, na sisi tuliingia kwa ngurumo hata kengele ya gari moja ikaanza kulia yenyewe. Mbele ya nyumba wanaume kama kumi wamevaa kanzu wamesimama mstari, akina mama barazani, mahali pa kuegesha pameachwa wazi pana kama uwanja. Nikaegesha pale. Na nitawaambia kilichoniuma kuliko vyote: hakuna aliyetutazama. Walikuwa wanatazama nyuma yetu, barabarani, wakingoja V8 itokee.

Nikatoka mbio, nia yangu nimshushe Ami nikimbilie Stafford. Kamau akaja kunisaidia, na Kamau amezoea kiti cha kitufe, akakivuta kile kishikio kama anavuta jembe. Kikabaki mkononi mwake. Akakiangalia, akaniangalia.

"Sorry, bro," akasema polepole.

Kiti cha mbele kimekataa kulala. Cha dereva mnakikumbuka. Na nyuma Ami Nassor, mshenga, kanzu, joho na bahasha ya posa, amekunjika, jasho linamtoka, kofia imegusa paa. Tulisukuma, tulivuta, mtu mmoja akashika mguu mmoja wa Ami, akaambiwa auache. Hapo ndipo vijana wakatoa simu zao.

Njia iliyobaki ni kung'oa kiti kizima, na kiti cha gari la kizamani bolti zake zimefungwa kwa nati chini ya sakafu. Maana yake mtu aingie uvunguni, na mtu huyo ni nani kama si mimi, nati za gari lile nazijua kwa majina. Spana zangu nilizitoa Cedar Hill ili kupata nafasi (ndiyo, nilizitoa, siku moja katika maisha yangu yote). Jirani mmoja Mmarekani, mzee wa kofia pana, akaja na sanduku lake la spana, analitazama gari kwa mapenzi kabisa, na kabla hata hajanipa spana akaniuliza nauza kiasi gani, analichukua lilivyo, sasa hivi. Nikiwa nimeshaingia nusu nikamjibu haliuzwi. Wakasikia wote. Nikaingia chini.

Sasa niko chini, saruji inaunguza mgongo, nati zina kutu, na juu yangu nasikia Ami Nassor anakohoa. Kumbe amekata shauri. Aliona watu wamekusanyika, akaona muda wa heshima unapita, akashusha kile kidirisha cha nyuma (hushuka nusu tu), akatoa mkono na bahasha.

"Assalaamu alaykum," akasema kwa sauti ya mimbari. "Sisi tumekuja kwenu wageni, na mgeni hachagui mlango. Tumeliona ua nyumbani kwenu, na sisi tuna kijana wetu."

Na kijana wao yuko chini, miguu nje, kiatu kimoja kimetoka. Nilisikia akina mama wanacheka na kujizuia, ile ya kuziba mdomo kwa mtandio. Mzee Haroub akaipokea bahasha na akasikiliza mpaka mwisho. Ndipo nikaona viatu vyake vinasogea, halafu magoti yake, akachutama karibu na kidirisha.

"Mzee Nassor, karibuni sana. Lakini niondolee tashwishi. Tuliambiwa V8."

"V8 ipo," akasema Ami, bila kusita hata kidogo. "Tumeiacha Stafford, imepata hitilafu. Hili tumeazima tusichelewe."

Jamani. Pale chini nilipokuwa, mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa na ami yangu mwenyewe, mpana, wa heshima. Nilichotakiwa ni kunyamaza, na kunyamaza nilishaonyesha kwamba nakuweza. Nikisema, nimemfanya mshenga wangu mwongo mbele ya wakwe, mtu aliyekunjika saa nne nzima kwa ajili yangu. Nikinyamaza, nimemzunguka baba yake Salma mara ya pili, na Salma yuko dirishani juu anasikia. Na tena, kulikana gari langu, kwamba tumeliazima, hilo nalo lilinichoma, sifichi.

"Samahani, Ami," nikasema. "Hakuna jingine. Ni hili."

Viatu vya Mzee Haroub vikageukia upande wangu.

"Nani anasema?" akauliza Mzee Haroub.

"Ni mimi, Suleiman."

"Wewe ndiye mwenyewe?"

"Ndiye mimi. Hili ndilo V8, Mzee, lina silinda nane, nimelinunua kwa jasho langu. Sikusema uongo. Lakini nilijua mmeelewa gari jingine, nikanyamaza, kwa sababu ilinoga. Hilo ndilo kosa langu, naomba radhi kwa hilo. Kwa gari siombi radhi."

Sikuona uso wake, niliona viatu tu, vya rangi ya kahawia. Halafu akasema, "Jawabu tutalileta," ambalo ndilo neno la kawaida, husemwa hata kwa mtoto wa sultani, lakini husemwa kwa namna nyingi na namna ile sikuijua. Akaagiza mgeni aletewe chakula. Na Ami Nassor alikula biriani yake palepale nyuma, sinia dogo juu ya magoti, heshima zote, maji ya kunawa yakipitishwa kwenye kidirisha, mpaka nati ya nne ilipotoka.

Kurudi, Ami alipanda gari la Kamau, mbele. Mimi nikarudi peke yangu na kiti cha abiria kwenye buti, na niliendesha vizuri tu, asikudanganyeni mtu kwamba nililia, moshi ulikuwa mwingi.

Wiki mbili hakuna jawabu. Kila mtu akawa na ushauri na ushauri ni mmoja: uza. Kamau aliniletea mpaka matangazo ya magari ya kisasa, akanionyesha moja la bei nzuri, "hata kiti inajilaza yenyewe, buda, fikiria." Msikitini waliniita V8 kwa jina. Nikawaambia gari lilifanya kila nililoliomba, liliwaka, lilikwenda, lilifika, halikuzima hata mara moja kwenye joto lile, aliyevunja ahadi ni mimi na kishikio kimoja cha chuma. Nikiliuza nitakuwa nimelisingizia. Nikaenda kwa Ami kumwomba radhi peke yake, nikakaa chini sakafuni. Akanimiminia chai.

Jumapili usiku akapiga simu.

"Umekaa?"

"Nimekaa, Ami."

"Wamekubali." Akaniacha nimshukuru Mungu, kisha akaendelea, na nikasikia kuna kitu kinamtekenya. "Haroub anasema mtu aliyeweza kusema kweli akiwa chini ya gari, juu ya gari atasema pia. Na mahari ametaja binti mwenyewe. Msahafu mmoja, na lile gari. Kadi ya gari iandikwe jina lake kabla ya ndoa."

Nikampigia Salma.

"Salma, nimeapa mbele ya dunia nzima. Siliuzi kwa mtu yeyote."

"I know," akasema. "Mimi sinunui."

Basi ndivyo ilivyo. Sasa naishi Pearland, yeye ndiye anayeliendesha kwenda hospitalini anakofanya kazi, vioo chini, mtandio umefungwa vizuri, na Kamau aliposhindana naye kwenye mataa aliachwa kidogo mwanzoni, kidogo tu, lakini aliachwa. Kishikio alikitengeneza yeye. Mimi hukaa mbele upande wa abiria, na Ijumaa nikiwa na adabu hupewa ufunguo. Na kiapo changu ni hiki: mtu akiniuliza nina gari gani, kwanza nataja idadi ya milango, halafu silinda, halafu namalizia ukweli wote, kwamba gari ni la mke wangu.